Njumu ya Kidole Gumba

Asyut, 4 Novemba 2013

Baba yangu mheshimiwa,

Naubusu mkono wako, na ninaanza na mkono huo kwa sababu ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Ijumaa iliyopita Rifaat na baba yake, Haji Abdissamii, walisafiri kutoka huku Saidi, kusini, hadi kwetu Menufia, Saqiyat al-Manqadi, kwenda kuniposa. Uliwapokea kwa heshima ambayo hakuna awezaye kuitilia dosari: uliwakalisha juu ya viti vyako vya njumu, vile ulivyovipachika vipande vya lulumizi kwa mkono wako, ukawachinjia bata, ukawasindikiza mpaka barabara kuu. Lakini Fatiha ilipokwisha kusomwa, Haji Abdissamii akanyoosha mkono wake wa kulia, nawe wako ukaupeleka kifuani na kuinamisha kichwa kama balozi. Rifaat amenisimulia kwamba mzee alijizuia mpaka walipofika Minya, mji ulio njiani. Hapo akamgeukia mwanawe: "Hawa watu wa Menufia, hata mkono wanaufanyia ubahili?" Rifaat alicheka. Baba yake hakucheka.

Naomba unieleze nimwambie nini.

Habari zangu ni njema. Idara imeipitisha mada ya tasnifu yangu. Wagonjwa wangu ni watu wenye chunjua sugu, zile zilizochomwa kwa moto na kwa baridi, kisha zikarudi na watoto wao. Mimi sizichomi. Nazitia tat'imu, ndani ya chunjua yenyewe, nazo zinaondoka. Profesa aliyesema mbele ya watu kwamba huo ni upuuzi sasa ananiletea shemeji yake.

Nimeandika kwa mkono kama ulivyonizoesha tangu nilipokuja chuoni. Najua simu haina faida kwa masikio yako, na wewe husema ujumbe wake hauna mwandiko wa mtu.

Binti yako,
Ibtihal

*

Saqiyat al-Manqadi, 13 Novemba 2013

Binti yangu, Daktari Ibtihal,

Mwambie Haji Abdissamii kwamba mkono wangu ulikuwa na gundi. Fundi hampi mgeni mkono wenye gundi. Hiyo ni adabu ya kazi yetu. Mwambie pia kwamba mtu wa Saidi aliyemaliza bata wangu wawili peke yake hana haki ya kutaja ubahili.

Kuhusu tasnifu, nililisoma lile neno nikalirudia. Tat'imu, jina lenyewe la njumu yetu! Nimeishi na kazi hii tangu nilipoweza kushika msumeno mwembamba, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijiambia kwamba itazikwa nami, kwa kuwa nina mtoto mmoja na mtoto huyo amekwenda kwenye udaktari. Kumbe ilikwenda nawe. Nilimwonyesha ami yako Sabri maneno yako, akasema: "Basi tubadilishe kibao cha karakana, tuandike Mitwalli na Binti." Alitania, lakini sikulala mapema siku ile kwa furaha.

Jambo jingine. Siku ya ndoa, Sabri atakaa mbele ya maadhuni, mfungisha ndoa, badala yangu. Maadhuni hutamka maneno, na walii huyarudia neno kwa neno. Mimi sisikii. Nikikosea moja, watacheka watu wa Saidi na wa Menufia kwa pamoja, na hiyo ndiyo siku nisiyotaka wacheke. Kiziwi hafai kukaa pale.

Baba yako,
Mitwalli

*

Asyut, 22 Novemba 2013

Baba yangu mheshimiwa,

Nimeyapima maelezo yako mawili kama ninavyoyapima maelezo ya mgonjwa, na yote mawili hayasimami.

La kwanza: ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa karakana yako haifunguliwi. Gundi ilitoka wapi?

La pili: tangu surua ilipokuchukulia masikio ukiwa na miaka saba, sijakuona hata siku moja ukiutanguliza uziwi ili ukwepe jambo. Ulibishana na ofisa wa kodi kwa kumsoma midomo, naye ndiye aliyeomba maji. Unakaa safu ya mbele msikitini, na imamu akikosea irabu katika hotuba unamfuata nje kumsahihisha. Mtu wa namna hiyo hashindwi kurudia maneno ya maadhuni.

Na kile kiti hakihitaji masikio, kinahitaji mkono wa kulia. Baba na mkwe hushikana, vidole gumba vimesimama vikigusana, leso imewekwa juu, na kwa mguso huo binti anatoka nyumba moja kuingia nyingine. Ami Sabri nampenda. Sitaki kutolewa na mkono wake.

Basi sababu iliyobaki ni moja, nami naitamka ili usipate tabu ya kuizunguka: humtaki Rifaat kwa kuwa ni Msaidi. Kama ndivyo, niandikie hivyo. Nitaumia, lakini nitajua ninapigana na nini.

Ibtihal

*

Saqiyat al-Manqadi, 15 Desemba 2013

Binti yangu,

Rifaat ni kijana ninayemtaka. Alipoingia sebuleni hakutazama viti vyangu; alipitisha vidole chini ya kiti kuona kama upande usioonekana nao umesuguliwa. Mhandisi wa mifereji, lakini ana jicho.

Nimeghairi. Nitakaa mwenyewe mbele ya maadhuni. Weka tarehe ya Ijumaa, 14 Machi.

Nimeifuata ile tat'imu yako, na imekaa sawasawa. Ukipitisha ukucha juu yake husikii mpaka.

Baba yako,
Mitwalli

*

Asyut, 24 Desemba 2013

Baba yangu mheshimiwa,

Umeniandikia kwa lugha ya karakana, na sikuielewa yote, ila nimeelewa kwamba nasaha yangu imepata mahali pake. Hilo lanitosha.

Rifaat amefurahi hata akapotea njia ya kwenda kazini. Haji Abdissamii amenunua leso ya hariri nyeupe kwa ajili ya siku ile, na anaionyesha mpaka kwa wauza samaki. "Itafunika mkono wa fundi mkubwa," anawaambia. Ule uchungu wa Minya umemtoka kabisa.

Mimi, ambaye sipendi kuonekana ninajivuna, nimewaambia wauguzi wote kwamba baba yangu atakaa mwenyewe.

Ibtihal

*

Saqiyat al-Manqadi, 9 Januari 2014

Ibtihal,

Sabri ndiye atakayekaa. Usiniulize.

Haji Abdissamii akiona ni kiburi, na iwe kiburi. Hapa kijijini wamekwisha nizoea hivyo. Swala ikiisha, jirani yetu Gharib hunyoosha mkono na kunitakia nami niswali Makka, kama wanavyofanya watu wote, nami namjibu kwa kichwa. Jana alimgeukia mwenzake, akasahau kwamba midomo yake naiona: "Mwacheni Pasha. Binti yake daktari, mkono wake sasa ni wa kupigwa picha tu." Nikavaa viatu, nikarudi nyumbani.

Mitwalli

*

Saqiyat al-Manqadi, 11 Januari 2014

Dokta wetu,

Mimi ami yako Sabri. Baba yako alinishikisha msahafu kwamba sitakutamkia jambo hili. Sijatamka. Nimeandika. Mungu anajua tofauti, na asipoikubali nitakuja kujificha kwako.

Baba yako ana chunjua kwenye kidole gumba cha kulia, mwaka umepita sasa. Ilianza kama punje ya dengu, pale pale kipande cha ganda la lulumizi kinapobanwa ili kikatwe. Kisha zikaota nyingine kwenye kidole cha shahada. Mwenye duka la dawa akampa maji makali, kinyozi akamchoma, nazo zikarudi zimenona. Nikamwambia: "Kaka, una daktari wa ngozi uliyemzaa mwenyewe!" Akaniambia: "Hatanijua mimi kama mgonjwa. Na watu wa Saidi hawatasema fundi Mitwalli amempa mkwewe mkono wa chura."

Kisha ikaja barua yako ya tat'imu. Hapo ndipo msiba ulipoanza. Nilimwambia: "Kaka, pengine anasema tat'imu ya sindano, ile ya watoto." Wacha anitazame! "Ile hutiwa watoto, begani. Wewe ndiye wa kunifundisha mimi maana ya tat'imu?"

Akakaa mezani kwake. Akachukua kile kisu chembamba, akachimba kitanda, kile kishimo cha kulaza njumu, kuizunguka chunjua, akaing'oa. Nilitoka nje, mimi damu siiwezi. Niliporudi alikuwa ameshajaza unga wa lulumizi kwa gundi, anapiga msasa. Dokta, naapa, ilikuwa imependeza! Alikuwa akikigeuza kidole kwenye mwanga kama anayekiuza. Siku hiyohiyo akakuandikia kwamba atakaa mwenyewe.

Njumu imebanduka. Pale ilipokuwa pameota duara zima la chunjua, kama shanga shingoni mwa bibi arusi. Kidole kilivimba, mpaka amekunywa vidonge. Sasa anavaa glavu hata akinywa chai, na kazi ya vipande vidogo ananiachia mimi, na mimi naiharibu.

Njoo umgombeze wewe. Mimi amekwisha nizoea.

Ami yako,
Sabri

*

Asyut, 15 Januari 2014

Baba yangu mheshimiwa,

Ami Sabri hakutamka neno. Kiapo chake ni kizima, nawe usimwadhibu kwa kuwa anajua kuandika.

Sitakugombeza. Lugha yetu imetia vitu viwili katika sanduku moja liitwalo tat'imu, njumu na chanjo, na kila mmoja wetu alifungua akatoa kile anachokijua. Ulichofanya kilikuwa sahihi kwa mbao za mwaloni. Chunjua haina kitanda. Mbegu yake iko ndani ya ngozi inayoizunguka, na kisu kilichoing'oa kiliipanda upya ukingoni. Ndiyo sababu umepata duara.

Sasa nikueleze kazi yangu kwa usahihi ambao ningeutumia mara ya kwanza kama ningejua nani ananisoma kwa haja.

Chanjo ninayotumia ni ile ya watoto, ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Natia kiasi kidogo ndani ya chunjua kubwa kuliko zote. Kirusi cha chunjua kina ujanja mmoja tu: hukaa juujuu, kimya, na walinzi wa mwili hupita bila kukitambua. Surua haina ukimya huo. Mwili ulioijua surua ukiona alama yake, walinzi wote hukimbilia pale ilipo. Na wakishafika kwa sababu ya yule, humwona na huyu aliyekuwa kimya miaka yote. Ndiyo maana mara nyingi zinaondoka hata chunjua ambazo sindano haikuzigusa. Siziondoi mimi. Unaziondoa wewe, mimi nakuonyesha tu mahali.

Nimewatia sindano waokaji, walimu na askari mmoja aliyezimia. Wengi wao surua waliijua kwa chanjo tu. Wewe ulipigana nayo mwenyewe ukiwa mtoto, ikakuchukulia unachojua, na haikukuua. Sina mgonjwa ambaye mwili wake una sababu kubwa zaidi ya kuikumbuka.

Sikuahidi kupona. Wako wasiopona, nami nimewaandika katika tasnifu kwa uangalifu uleule niliowaandikia waliopona. Miezi miwili ni muda mfupi. Lakini ukianza sasa, tuna nafasi.

Njoo Jumapili. Ukija kama baba utakula kwangu. Ukija kama mgonjwa utapanga foleni.

Ibtihal

*

Saqiyat al-Manqadi, 17 Januari 2014

Daktari,

Nitakuja, kwa sharti moja: usimwambie mtu yeyote kwamba mimi ni baba yako. Nataka kuona unavyomtendea mtu usiyemjua. Fundi hupimwa kwa kazi ya mteja wa barabarani.

Foleni nitapanga.

Mitwalli

*

Saqiyat al-Manqadi, 22 Januari 2014

Binti yangu, Daktari Ibtihal,

Nimefika salama. Maumivu ya sindano yalikuwa kama ulivyosema, makali na mafupi, na usiku nilipata homa ndogo. Niliipokea kama mtu anayemjua mgeni wake. Sikuwahi kudhani kwamba ugonjwa ulionichukulia masikio utaitwa siku moja na mwanangu, upewe kazi.

Nikueleze nilichokiona, kwa kuwa wewe ulikuwa umeinama na hukuona.

Muuguzi mlangoni aliniambia: "Mzee, vua glavu, huku hatuvishani pete." Mwokaji mikate aliyekaa kando yangu akanigusa goti nimtazame midomo. "Unamwogopa huyu daktari mdogo? Usiangalie umri. Mkono huu ulikuwa kama koliflawa. Wateja walikuwa wanachukua mkate kwa karatasi. Tazama sasa." Akaugeuza mbele na nyuma. Nilitafuta kovu kama ninavyotafuta mpaka kwenye njumu ya fundi mwingine, kwa nia mbaya kabisa. Sikuliona. Akasema: "Baba yake huyu lazima anatembea kifua mbele."

Nikamwambia: "Huyu ni binti yangu."

Nilisema kwa sauti. Sijui ni kubwa kiasi gani, huwa sijui, lakini foleni nzima iligeuka na muuguzi akaangusha faili. Sharti nililiweka mimi na nimelivunja mimi. Usinikumbushe.

Kisha zamu yangu ikafika. Ulishika kidole changu bila kunitazama usoni, kama nilivyotaka. Uliingiza sindano kwa mlalo, juujuu, ukangoja, ndipo ukasukuma, mpaka chunjua ikageuka nyeupe. Nimewafundisha watu kumi na zaidi, na hakuna hata mmoja niliyeweza kumfundisha kungoja. Hilo hukufundishwa na chuo, ewe binti. Hilo ulilitoa nyumbani.

Nitakuja tena kila baada ya wiki mbili kama ulivyoagiza.

Baba yako,
Mitwalli

*

Asyut, 4 Machi 2014

Baba yangu mheshimiwa,

Uliondoka juzi kwa haraka kabla sijamaliza kusema, na nadhani uliniona midomo ukaamua kutoiona.

Hali ni hii. Kidole cha shahada kimesafika, nami sikukitia hata tone. Kwenye kidole gumba sehemu kubwa ya duara imezama, lakini upande wa ndani, ule utakaogusana na kidole cha Rifaat, bado ziko chache, na hazijaamua. Zinaweza kuondoka kabla ya Ijumaa ile. Zinaweza kungoja mpaka kiangazi. Mgonjwa mwingine ningemwambia hivyohivyo, na kwako sina ruhusa ya kupunguza ukweli.

Hatari ya kumwambukiza kwa kushikana mara moja, ngozi ikiwa kavu na nzima, ni ndogo mno. Hilo ni neno la daktari. Lililobaki si la daktari.

Niliwahi kukuandikia kwamba sitaki kutolewa na mkono wa Ami Sabri. Nimelifikiria upya. Kama kukaa pale kutakufanya usikie aibu badala ya furaha, basi Ami Sabri akae, au tusogeze tarehe, na sitauliza. Rifaat anajua kwamba uko katika tiba yangu, kwa kuwa foleni nzima ilisikia. Hajui ni ya nini hasa, wala baba yake hajui. Mkono ni wako. Habari zake ni zako kuzitoa.

Naubusu kama ulivyo,
Ibtihal

*

Saqiyat al-Manqadi, 19 Machi 2014

Binti yangu,

Ulikuwa upande wa wanawake, na kati yetu kulikuwa na ukuta na vigelegele ambavyo mimi niliviona kwa mitikisiko ya taa tu. Basi haya ni ya upande wetu. Nimengoja ufike Asyut na mumeo ndipo niyaandike.

Asubuhi ile nilikiangalia kidole. Zilikuwa zimebaki mbili, kama punje za mtama. Sabri alikuwa ameshavaa kanzu yake nzuri, kwa tahadhari. "Kaka, niambie tu," akasema. "Nikae au nile?" Nikamwambia ale.

Kabla maadhuni hajafungua mkoba wake, niliwaita Rifaat na baba yake pembeni. Nikavua glavu. Nikasema: "Kijana, tazama kwanza, ndipo uamue kama utashika." Nikawaambia yote, kisu na gundi pia.

Rifaat aliinama akatazama kama alivyotazama chini ya kiti changu. Akasema: "Hizi ndizo za tasnifu? Mzee, sura ya tatu nimesomewa mpaka naota chunjua. Hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukutana nazo." Haji Abdissamii yeye alishika kichwa. "Hiki tu? Tangu Novemba nimekula uchungu, nimemwambia mke wangu tumedharauliwa, kwa ajili ya hiki tu? Hukuweza kusema, ewe mtu wa Menufia? Au maneno nayo mnayafanyia ubahili?" Nikamwambia kwamba watu wa Saidi husema kwa niaba yetu sote. Akanipiga bega, nusura anivunje.

Kisha tukakaa. Maadhuni akatushikanisha mikono, mkono wangu mtupu ndani ya wa mumeo. Kidole chake gumba kikakutana na changu pale pale. Nilingoja akivute kidogo, kama mtu anavyofanya bila kukusudia. Alikibana zaidi. Leso ikashuka juu yetu.

Nilirudia maneno yote. Nilimsoma maadhuni midomo kama sijawahi kusoma midomo ya mtu, na nilipofika kwenye jina lako nililitamka lote, pamoja na cheo: nimekuoza binti yangu, Daktari Ibtihal. Maadhuni alinyanyua uso, kwa kuwa cheo hakimo katika maneno yake. Nikalirudia tena, ili asidhani kwamba nimekosea.

Baada ya hapo niliacha kutazama midomo. Nilikuwa natazama leso, jinsi ilivyokaa. Sikujua kwamba dua imekwisha. Sikujua kwamba wamekwisha kuiondoa, mpaka nilipoona mkono wangu uko wazi, bado umeshika wa mumeo, mbele ya wanaume wa vijiji viwili, na vinywa vyote vinacheka, na Sabri ananipungia niachie.

Niliwaelewa vizuri. Sikuachia.

Baba yako,
Mitwalli